Paa na Ukuta wa Jengo la Biashara Mwambaoni

(Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi wa ujenzi)

  

 Mfanyabiashara wa Ngamiani, hapa mjini, hafungi duka saa kumi jioni kwa jambo dogo, kwa hiyo nitajitahidi kusema mambo mtakayoweza kuyatumia mkirudi huko kesho asubuhi.

Nia yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba vifaa vya kuezekea na vya kuvika ukuta wa nje wa jengo la biashara vinachaguliwa kwa kuanzia pale jengo lilipo, yaani hewa yake, mvua yake, jua lake, hatari yake ya moto na mkono utakaolitunza. Na kwamba uamuzi huo uandikwe kwa vipimo. Siku hizi tunaanzia dukani. Tunachagua rangi, tunauliza bei, halafu tunamtafuta fundi. Sitazungumzia nyumba za kuishi, ingawa namwona mzee mmoja pale mbele anatabasamu, maana anajua nusu ya waliomo humu wanalala juu ya maduka yao. Basi kila mtu atachukua kinachomhusu.

Wakati wenyewe ni huu. Tanga inajengwa. Bandari imeongezwa kina, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia pale Chongoleani, na kandokando ya barabara kuu magodauni na fremu mpya zinaota kila msimu. Mapaa tunayoyapandisha sasa ndiyo watakayoyarithi watoto wetu, au watakayoyalipia upya.

1. Hewa ya mahali

Nianze na bati, kwa kuwa ndilo lililo juu ya karibu kila biashara mjini. Bati ni karatasi ya chuma iliyochovywa katika madini mengine ili isiliwe na kutu. Chuma chenyewe hakitofautiani sana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Tofauti imo katika lile tabaka la juu na wingi wake, na tabaka hilo jicho halilioni.

Chumvi ya bahari ina tabia ya kunyonya unyevu hewani. Bati lililopo Raskazone, ufukweni hapa mjini, hulala limelowa hata wiki isiyo na tone la mvua, na maji yanayolilowesha ni ya chumvi. Bati lile lile likipelekwa Muheza, kilomita 30 hivi kutoka pwani, hukauka mapema na huoshwa na mvua safi. Wataalamu wamelipima jambo hili. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinagawa hewa katika madaraja: C1 ni ndani ya chumba kikavu, C5 ni ufukweni au penye viwanda vyenye moshi mkali, na juu yake kuna CX kwa mahali palipopindukia. Muuzaji akikupa karatasi ya dhamana ya miaka 20, isome mpaka yale maandishi madogo ya mwisho. Mara nyingi utakuta haihusu majengo yaliyo karibu na bahari. Maana yake umepewa dhamana ya Dodoma, mbali na bahari, nawe unajenga Tanga.

Sasa tabaka lenyewe. Bati la zinki hupimwa kwa gramu za zinki katika kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Alama Z275 ni gramu 275, sawa na takriban maikroni 20 kila upande. Alama Z100 ni maikroni 7 tu. Mabati haya mawili yakisimamishwa dukani huwezi kuyatofautisha, yote yanang'aa. Lipo pia bati la aluminiamu na zinki, ambalo wengi mnaliita aluzinki. Hilo lilianza kuuzwa mwaka 1972 huko Marekani, na tabaka lake ni asilimia 55 aluminiamu, asilimia 43.4 zinki na asilimia 1.6 silikoni. Alama yake nzuri ni AZ150, gramu 150 kwa pande mbili. Msidanganyike kuona namba ni ndogo kuliko 275: aluminiamu ni nyepesi, kwa hiyo gramu hizo 150 zinatoa unene ule ule wa maikroni 20, na katika hewa ya bahari hudumu kuliko zinki tupu.

Aluzinki ina adui mmoja ambaye tunamleta wenyewe, naye ni simiti mbichi. Nendeni kwenye jengo lolote linalomaliziwa mtaani mkaangalie utaratibu wa kazi. Bati limeshawekwa, halafu fundi lipu anapanda kumalizia ukuta ulioinuka juu ya paa. Udongo wa saruji unamdondoka, anausukuma kwa mguu, anaendelea. Pale ulipodondokea, ukali wa chokaa iliyomo kwenye saruji unakula ile aluminiamu. Baada ya mwezi utaona doa la kijivu, na baada ya misimu michache ya mvua utaona mwanga wa jua kutoka ndani ya duka. Dawa yake haigharimu kitu: lipu imalizike kabla bati halijapanda.

La pili la kuangalia ni unene. Tumezoea geji, na kila mtu hapa anajua kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Lakini geji si kipimo unachoweza kumbana nacho mtu. Maduka mawili yatakuuzia geji 28, moja likiwa na milimita 0.40 na jingine 0.34, na yote yatakuapia. Ulizeni milimita, na mje na maikromita. Ni chombo kinachoingia mfukoni. Ulizeni pia kama milimita hizo ni za chuma peke yake au za chuma pamoja na rangi, maana rangi nayo ina unene wake.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, hasa vijana. Tukikagua paa tunapanda juu. Pwani, kutu mara nyingi haianzii juu. Inaanzia chini ya upenu na kwenye ukuta wa bati uliokingwa na paa la jirani, mahali ambapo mvua haifiki kuosha chumvi. Juu ya paa masika yanaosha kila mwaka. Chini ya upenu chumvi inakaa miaka yote. Mwenye godauni la ukuta wa bati karibu na maji na aagize kuta zake zioshwe kwa maji baridi mara mbili kwa mwaka, hasa chini ya upenu na nyuma ya mabomba. Kazi hiyo ni ya kijana mmoja na mpira wa maji, na inaongeza umri wa ukuta kuliko kopo lolote la rangi.

Kwa jengo linalotazama bahari uso kwa uso, mimi nasema mtu asihangaike na chuma. Anunue aluminiamu tupu, alipe zaidi, apumzike. Ila afunge kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu msumari wa kawaida kwenye aluminiamu iliyolowa chumvi unaanzisha ulaji palepale ulipopigwa.

2. Maji

Tanga hupata takriban milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Godauni lenye paa la mita za mraba 600 linapokea lita 780,000 kwa mwaka. Mvua ya masika ikishuka milimita 60 kwa saa moja, paa hilo linamwaga lita 36,000 katika saa hiyo, yaani lita 10 kila sekunde. Sasa jiulizeni: zile gata nyembamba tunazofunga ni za kubeba lita 10 kwa sekunde, au ni za kupendezesha upenu?

Hapa siwezi kupita bila kusema juu ya paa la kuficha. Ni mtindo uliotushika kweli. Ukuta unainuliwa pande zote, bati linalazwa chini nyuma yake, na jengo kutoka barabarani linaonekana kama lina paa la zege. Sikatai kwamba linapendeza. Lakini tazameni tulichokifanya: tumelipunguza paa mwinamo, tumelizungushia ukuta, na maji yote tumeyapeleka kwenye mfereji mmoja uliojificha ndani. Kunguru wa mji huu wanaleta vijiti na vipande vya nailoni kwenye mfereji huo kila mwaka. Bomba la kushushia likiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya duka, juu ya marobota ya khanga na mifuko ya sukari. Paa la kawaida lenye upenu likizibwa gata, maji yanamwagika nje na anayelowa ni mpita njia.

Mwenye kushikilia paa la kuficha nampa masharti matatu. Mfereji uwe mpana kiasi cha mtu kuweza kutembea ndani yake akiusafisha. Mabomba ya kushushia yawe mawili au zaidi, hata kama hesabu inaonyesha moja linatosha. Na ukuta utobolewe tundu la dharura lililo chini kidogo ya ukingo wa bati, ili siku mfereji ukijaa maji yatokee barabarani watu wote wayaone. Hilo tundu ndilo litakalokupigia kelele kabla dari haijaanguka.

Kuhusu mwinamo, bati la mawimbi ya kawaida lisishuke chini ya nyuzi 10, na la migongo mipana lisishuke chini ya nyuzi 5. Paa likilala zaidi ya hapo, tafuteni bati refu lisilo na maungio, lile linaloviringishwa kutoka kwenye roli kwa urefu wa paa zima. Lakini bati refu nalo hutanuka. Bati la chuma la mita 20, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi joto la saa saba mchana, tofauti ikiwa nyuzi joto 50, hurefuka milimita 12. La aluminiamu hurefuka milimita 24. Fundi akilikaza kama anavyokaza bati fupi, matundu ya skrubu yatapanuka yenyewe na mpira wa washa utachanika.

Juu ya upepo nitasema machache. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilielekea Mafia na pwani ya kusini, sisi huku tukapona, lakini tusijisahau. Upepo mkali haulisukumi paa chini. Unalinyonya kwenda juu, na unanyonya zaidi pembeni na kwenye kona. Kwa hiyo skrubu za kona na ukingo ziwe karibu karibu kuliko za katikati, na papi zifungwe kwenye kenchi, na kenchi zifungwe kwenye ukuta, kwa mikanda ya chuma. Bati zuri lililofungwa kwenye papi iliyopigwa msumari mmoja litaondoka na papi yake.

3. Jua

Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi. Paa linapokea joto kuliko ukuta wowote. Baada ya paa, wanaoumia ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Ule wa kaskazini na ule wa kusini unakingwa kirahisi na upenu.

Rangi, basi, ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Bati jeupe au la rangi ya maziwa hurudisha sehemu kubwa ya joto la jua angani. Bati la maruni au la kijani kilichoiva hulimeza karibu lote na kufika nyuzi 70 mchana. Najua maruni inapendwa. Lakini mwenye kuuza dawa, vipodozi, chokoleti au mbegu, akichagua maruni, ajue kwamba atailipia rangi hiyo kila mwezi kwenye umeme wa luku. Mkiweka karatasi ya kung'aa chini ya bati, acheni nafasi ya hewa kati yake na bati, angalau sentimita mbili na nusu. Ikigusana na bati haina kazi.

Wazee waliojenga maduka ya zamani ya katikati ya mji hawakuwa na karatasi hizo. Walilivuta paa mpaka likafunika njia ya waenda kwa miguu, wakaliegemeza kwenye nguzo. Ukuta haukupigwa na jua wala mvua, mteja alitembea kivulini, na lipu ya ndani ya baraza ilidumu. Leo tunaubomoa upenu huo ili kupata uso mpana wa vioo unaotazama magharibi, halafu tunanunua viyoyozi vinne. Siwalaumu wenye majengo peke yao. Wasanifu ndio tuliowachorea.

4. Moto

Hili ndilo lililonifanya nikubali mwaliko, nami nitakaa nalo kidogo.

Miaka ya karibuni maduka, vituo vya mafuta, hoteli na ofisi zetu zimevikwa mabamba ya aluminiamu yanayong'aa. Mtaani kila bamba la namna hiyo huitwa Alucobond, hata lisipotoka kwenye kiwanda chenye jina hilo. Bamba la kawaida lina unene wa milimita 4: karatasi mbili za aluminiamu za nusu milimita, na katikati milimita 3 za kitu kingine. Mteja huchagua rangi ya aluminiamu. Hicho kitu kingine hakiulizwi.

Katika mabamba ya bei nafuu, katikati pamejaa polithini, plastiki ile ya mifuko. Polithini ya milimita 3 katika mita moja ya mraba ina uzito wa karibu kilo 2.8, na kila kilo ikiungua hutoa joto la megajuli 46 hivi. Pigeni hesabu: mita moja ya mraba ya ukuta huo imebeba joto la karibu lita tatu na nusu za dizeli. Jengo lenye uso wa mita za mraba 200 limevaa lita 700 za dizeli. Hakuna hata mmoja hapa ambaye angekubali madumu hayo yapangwe mbele ya duka lake usiku.

Tarehe 14 Juni 2017, mjini London, friji iliwaka moto jikoni katika ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24. Moto ukatoka dirishani na kushika mabamba ya nje, ambayo yalikuwa yamefungwa miaka michache tu kabla, katika ukarabati. Jengo lenyewe lilikuwa la zege tangu miaka ya 1970. Watu 72 walifariki. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba sababu kuu ya moto kuenea haraka vile ni mabamba yenye polithini katikati, na ripoti yake ya mwisho ikatoka Septemba 2024. Kwa ninyi mnaofuata bidhaa Dubai, wengi mmepita chini ya jengo la The Torch pale Marina. Hilo liliungua nje mara mbili, Februari 2015 na Agosti 2017. Na usiku wa kuukaribisha mwaka 2016, hoteli ya Address Downtown iliwaka moto upande wa nje mbele ya kamera za dunia nzima.

Mtaniambia hatuna majengo ya ghorofa 24 Tanga. Sawa. Lakini angalieni tunachofanya kwenye majengo yetu ya ghorofa nne. Nyuma ya mabamba kuna nafasi ya hewa ya kimo chote cha jengo, na moto ukiingia humo unapanda kama kwenye bomba la moshi. Ndani ya nafasi hiyo hiyo tunapitisha nyaya za taa za matangazo, mara nyingi zimeungwa kwa selotepu. Juu ya mabamba tunatundika viyoyozi. Mwenye fremu ya chini anamwita fundi wa kuchomelea aongeze geti, na cheche zinaruka. Halafu mlango pekee wa kutokea wapangaji wa juu uko chini ya uso huo huo.

Ninachoshauri ni hiki. Jengo lolote la ghorofa lisivikwe bamba lenye polithini tupu, kwa bei yoyote. Yapo mabamba ambayo katikati yamejazwa madini yasiyoshika moto. Ya daraja A2 katika kiwango cha Ulaya cha EN 13501 ndiyo ya kuulizia. Kila sakafu, nafasi ya nyuma ya mabamba ikatwe kwa kizuizi kisichoungua. Nyaya zipite ndani ya mabomba ya chuma. Na ukitaka kukagua mzigo kabla haujapokelewa, kata kona ya bamba moja uikwangue katikati kwa kisu. Polithini inachubuka laini na inajikunja. Yenye madini mengi ni ngumu kwa kisu na inatoa unga. Kisu hakitoi cheti, kwa hiyo bado utadai cheti cha maabara chenye namba ya bidhaa ile ile iliyoandikwa kwenye mzigo. Lakini kisu kitakuokoa na muuzaji aliyebadilisha mzigo njiani.

Kwa upande wa pili liangalieni Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege. Moto wa Julai 2021 uliteketeza mali nyingi za wafanyabiashara, na hasara ile haifutiki, lakini mwili wa jengo ulibaki, ukakarabatiwa. Nakubali zege ni zito, ni ghali, na lisipozuiwa maji huvuja. Hata hivyo, halikuuongezea moto chakula.

5. Vifaa vingine, kwa haraka

Vigae vya udongo vya aina ya Mangalore vinadumu, havipigi kelele ya mvua na havijali chumvi. Tatizo ni uzito: kilo 40 na zaidi kwa mita ya mraba, ilhali bati la milimita 0.40 halizidi kilo 4. Kenchi za bati hazibebi vigae, na anayebadili kimoja kwa kingine bila mhandisi anatafuta msiba.

Makuti ni halali kwa mgahawa wa ufukweni wenye mwinamo mkali, mbali na majengo mengine, na maji ya kuzimia moto yakiwa karibu. Kwa duka la mtaani, hapana.

Asbesto ya zamani ipo bado juu ya maghala kadhaa nchini. Ikiwa nzima, iacheni mpaka mjipange. Msiikate kwa grainda wala kuiangusha ivunjike, kwa sababu vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, na atakayeugua ni kibarua ambaye hata jina lake hamtalikumbuka. Ilowesheni, iteremsheni nzima, ifungeni kwa nailoni, na mamlaka za mazingira ziwaelekeze pa kuifukia.

Na ukuta wa godauni: bati lisianzie chini. Jengeni tofali kufikia mita mbili au tatu, ndipo bati lianze. Malori yanarudi nyuma, unyevu unapanda kutoka ardhini, na mwizi ana mkasi wa bati.

6. Hesabu ya miaka

Mtaniuliza fedha. Tuchukue mfano wa kubuni. Paa la kwanza lina gharama ya milioni 15 na linadumu miaka 8 katika hewa yetu. La pili ni milioni 24 na linadumu miaka 25. Katika miaka 24 mwenye paa la kwanza ameezeka mara tatu, amelipa milioni 45, na bado hatujahesabu jukwaa la mafundi, siku za duka kufungwa na bidhaa zilizolowa. Mfanyabiashara anayejua kupiga hesabu ya kontena la nguo mpaka senti ya mwisho, mbele ya paa anauliza bei ya karatasi moja ya bati tu. Sielewi kwa nini.

Hesabu hii sasa imepata uzito mpya. Wengi mnataka kufunga paneli za umeme wa jua. Paneli zinauzwa kwa dhamana ya miaka 25, na pamoja na fremu zake huongeza kilo 12 hadi 15 kwa mita ya mraba. Ukizipandisha juu ya bati la miaka 8, utazishusha zote ili kubadili bati, na utalipa kuzipandisha tena. Paa litakalobeba umeme lichaguliwe leo kwa umri wa paneli, na kenchi zihesabiwe uzito wake tangu mwanzo. Na zile lita 780,000 nilizozitaja, ukizikinga hata nusu yake, godauni linaosha magari na sakafu bila kutegemea bomba la mtaa.

Mwisho nina maombi matatu. Kwa wafanyabiashara: msitie saini makadirio yoyote ambayo hayana mistari minne, yaani unene wa chuma kwa milimita, gramu za tabaka kwa mita ya mraba, aina ya skrubu, na kama kuna mabamba ya ukutani, kilichomo katikati pamoja na cheti chake. Kwa wenzetu wa halmashauri na Zimamoto: mnapotoa kibali cha kubadili uso wa jengo, ulizeni uso huo umetengenezwa kwa nini, kama mnavyouliza nguzo na misingi. Kwa wanafunzi: chukueni vipande vya bati vya sentimita 10 kwa 15 kutoka maduka ya hapa, mvipime uzito, mvitundike Raskazone, Ngamiani, Pongwe na Muheza, na kila mwaka mvisafishe kutu mvipime tena. Baada ya miaka mitano Tanga itakuwa na takwimu zake yenyewe, na muuzaji hatatuletea dhamana ya Dodoma.

Na mwenye nia ya kubadili paa mwaka huu aagize vifaa kabla ya Mei, ili mafundi wapande kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepungua na vuli haijaanza.